Gari lenye tairi za dabo: Hivi ndivyo nafasi kati ya tairi mbili za nyuma hupimwa kabla hujanunua tairi mpya

Tairi mbili za nyuma zilizofungwa pamoja upande mmoja, zile ambazo madereva wengi huziita dabo, hazitakiwi kugusana. Zikigusana zinasuguana, zikisuguana zinapata joto, na joto likizidi moja inabasti. Mara nyingi inayoanza kuharibika ni ya ndani, ambayo dereva haioni vizuri hata akizunguka gari mara tatu.

Kwa lori la mchanga hilo ni tatizo la tairi. Kwa gari-nyumba, yaani motahomu, gari lenye kitanda, jiko, choo na tangi la maji ndani yake, ni tatizo la nyumba nzima. Tairi ikipasuka chini ya sakafu, vipande vya mpira na nyaya zake hupiga mabomba ya maji, waya za umeme na wakati mwingine bomba la gesi. Na watu wanaosafiri humo huwa ni familia, wengine wamekaa mezani nyuma.

Marekani na Ulaya ndiko magari haya yalikojaa. Kuna yale yaliyojengwa juu ya Ford E-450, yale makubwa yenye sura ya basi yaliyo juu ya fremu ya Ford F-53, na yale membamba ya Mercedes-Benz Sprinter. Mengi kati ya hayo yana dabo nyuma. Lakini hesabu ni ile ile kwa Toyota Coaster, Mitsubishi Rosa, Canter na Fuso zinazopita kila siku Dar es Salaam, Arusha au Nairobi, kwa hiyo hata kama hujawahi kulala ndani ya motahomu, endelea kusoma.

Nafasi gani inayopimwa?

Hapa ndipo watu wengi wanapochanganya mambo. Mtu akiambiwa apime nafasi ya dabo, anachuchumaa nyuma ya gari, anaingiza vidole kati ya tairi mbili, vikipita anasema ipo sawa. Alichopima pale ni mwanya, yaani uwazi kati ya ubavu wa tairi moja na ubavu wa nyingine. Mwanya una maana yake, lakini hicho sicho kipimo kinachoandikwa kwenye majedwali ya viwanda vya tairi.

Kipimo kinachotumika ni umbali kutoka katikati ya tairi ya nje hadi katikati ya tairi ya ndani. Chora kichwani mstari unaopita katikati kabisa ya kila tairi, pale kwenye kashata zinazokanyaga lami. Umbali kati ya mistari hiyo miwili ndio nafasi ya dabo.

Kwa nini viwanda vinatumia katikati na si mwanya? Kwa sababu katikati haibadiliki. Inaamuliwa na ringi. Ukijaza upepo au ukitoa, ukipakia mzigo au ukishusha, ukiweka tairi nene au nyembamba, umbali wa katikati hadi katikati unabaki pale pale mpaka ubadilishe ringi. Mwanya wenyewe unacheza kila saa.

Hilo ndilo linalofanya kipimo hiki kiwe na faida kwa mtu anayetaka kununua tairi. Ukishaijua nafasi ya gari lako mara moja, unaweza kukaa nyumbani na simu yako ukajua tairi ipi itaingia na ipi haitaingia, kabla hujatoa hela.

Njia ya kwanza: tepu na ubao ulionyooka

Njia hii haihitaji kufungua tairi. Inahitaji tepu ya kupimia, ubao mfupi ulionyooka au rula ndefu ya chuma, chaki, na mahali penye sakafu ya saruji au lami bapa. Zima gari, weka breki ya mkono, weka kabari kwenye tairi za mbele.

Pita nyuma ya gari. Kama kuna kizuizi cha matope kinachoning'inia, kikunje au kifunge pembeni. Sasa unaziona kashata za tairi zote mbili zikiwa zimekutazama.

Chukua ukingo wa kashata wa tairi ya nje, ule ulioelekea barabarani. Weka alama ya chaki. Halafu nenda kwenye tairi ya ndani, tafuta ukingo wake ule ule unaoelekea barabarani, si ule unaoelekea uvunguni. Weka alama ya pili. Laza ubao juu ya kashata za tairi zote mbili ili tepu isipinde, kisha pima kutoka alama ya kwanza hadi ya pili.

Hicho ulichopata ndicho kipimo cha katikati hadi katikati. Huhitaji kuitafuta katikati yenyewe. Kama tairi mbili zinafanana, umbali kutoka ukingo hadi ukingo wa upande ule ule ni sawasawa na umbali kutoka katikati hadi katikati. Ni ujanja mdogo lakini unaokoa muda mwingi, maana katikati ya kashata haina alama na kila mtu huiona mahali pake.

Tatizo ni kwamba ukingo wa tairi nyingi ni wa mviringo, na chaki inaweza kuteleza milimita 5 huku au kule. Kwa hiyo hakikisha kwa kipimo cha pili. Pima upana wote wa kashata za tairi mbili, kuanzia ukingo wa nje kabisa wa tairi ya nje hadi ukingo wa ndani kabisa wa tairi ya ndani. Halafu pima upana wa kashata za tairi moja peke yake. Toa.

Tuseme upana wote umetoka milimita 430, na upana wa kashata za tairi moja ni milimita 176. Ukitoa unabaki na 254. Kama kipimo cha kwanza nacho kilitoka karibu na 254, umepima vizuri. Kama vimepishana zaidi ya milimita 4 au 5, rudia, au angalia kama tairi mbili hizo kweli ni za aina moja.

Na hapo kwenye aina moja usipite haraka. Fundi akikufungia tairi ya kampuni nyingine kwenye nafasi ya ndani, hata kama namba ubavuni ni ile ile, upana wa kashata unaweza kutofautiana na hesabu yako ikaharibika. Ikiwa hivyo, tumia njia inayofuata.

Njia ya pili: ringi ikiwa chini

Wakati mzuri wa kupima ringi ni pale tairi zimeshavuliwa kwa ajili ya kubadilishwa. Ringi ikiwa tupu, laza chini kwenye sakafu bapa, upande wa sahani ukiangalia juu. Sahani ni ile sehemu yenye matundu ya stadi. Kwenye ringi za dabo sahani haikai katikati. Imesukumwa upande mmoja kiasi kwamba mara nyingi inachomoza kupita mdomo wa ringi.

Pima vitu viwili. Kwanza urefu kutoka sakafuni hadi juu ya sahani, pale sehemu bapa ambapo ringi mbili hukutana zikifungwa mgongo kwa mgongo. Pili upana wa ringi nzima, kutoka mdomo mmoja hadi mwingine, ukihesabu na unene wa midomo yenyewe.

Zidisha kipimo cha kwanza mara mbili, kisha toa kipimo cha pili. Basi, hiyo ndiyo nafasi ya dabo. Kwa mfano, ringi ambayo sahani yake iko milimita 285 kutoka sakafuni na upana wake wote ni milimita 235: 285 mara mbili ni 570, toa 235, unapata 335.

Hesabu hii inakubali tu kama ringi mbili zinafanana. Kuna wenye motahomu wanaopenda ringi ya alumini inayong'aa nje na kuacha ya chuma ndani. Sahani ya alumini ni nene kuliko ya chuma. Hapo pima kila ringi peke yake: urefu hadi kwenye sahani, toa nusu ya upana wa ringi hiyo. Halafu jumlisha majibu mawili. Usichukue moja ukazidisha mara mbili. Na usisahau stadi, kwa sababu unene wa sahani ukiongezeka, nati inabaki na uzi mchache wa kushika.

Ringi nyingi zina namba iliyogongwa kwenye chuma inayoonyesha sahani imesogea kiasi gani kutoka katikati ya ringi. Ringi ya upana wa inchi 8.25 ya kipenyo cha inchi 22.5 inayotumika sana Marekani huwa na inchi 6.6 hivi, na mara mbili yake ni inchi 13.2, sawa na milimita 335. Namba hiyo inasaidia, ila usiichukue kama neno la mwisho. Sahani ina nyuso mbili, ya mbele na ya nyuma, na zinatofautiana kwa unene wa chuma. Namba iliyogongwa inaweza kuwa ya uso mmoja wakati wewe unahitaji wa pili. Tepu haina utata huo.

Sasa linganisha na tairi

Umepata nafasi ya gari. Kinachobaki ni kujua tairi inadai nafasi kiasi gani. Kila kiwanda cha tairi za magari makubwa hutoa jedwali lenye kipimo cha chini kabisa cha nafasi ya dabo kwa kila saizi. Ukiingia kwenye tovuti ya kiwanda, tafuta jedwali la data za tairi hiyo, angalia safu ya nafasi ya dabo. Iko karibu na safu ya upana na safu ya kipenyo. Jedwali la kiwanda chenyewe ndilo la kufuata, si la jirani.

Kama jedwali halipo karibu, kuna makadirio yanayosaidia. Chukua upana halisi wa tairi, zidisha kwa 1.125. Yaani upana pamoja na nyongeza ya moja ya nane. Tairi ya 295/80R22.5 ina upana wa kawaida wa milimita 298 na jedwali la Ulaya linadai 335. Ile ya 315/80R22.5, ambayo mabasi mengi ya masafa hutumia, ina upana wa 312 na inadai 351. Piga hesabu zote mbili utaona zinaangukia hapo hapo.

Angalizo: upana halisi si ile namba ya kwanza ubavuni. Tairi ya 225/75R16 haina milimita 225 kamili, na ile ya 315 kama ulivyoona ina 312. Na upana unabadilika kulingana na ringi iliyobeba tairi. Ringi ikiongezeka upana kwa nusu inchi, tairi nayo hufunguka kwa karibu milimita 5. Ringi ikiwa nyembamba, tairi hujikunja.

Turudi kwenye lile gari lililopimwa 254. Tuseme lina tairi za 225/75R16, saizi inayokuja na magari-nyumba mengi yaliyojengwa juu ya E-450. Upana wake ni karibu milimita 223. Zidisha kwa 1.125 unapata 251. Gari lina 254. Inaingia, ila haikubakiza kitu: mwanya ukiwa hauna mzigo ni milimita 31.

Mwenye gari anaenda dukani, anaambiwa saizi yake imeisha, lakini kuna 235/85R16, ndefu kidogo, nzuri, bei ile ile. Upana wake ni karibu 235. Hesabu inadai 264. Gari lina 254. Hapo tayari haifai, ingawa ikifungwa gari likiwa tupu mwanya wa milimita 19 utaonekana kabisa kwa macho na muuzaji ataonyesha kidole kinapita. Akichukua 245/75R16 yenye upana wa 248, mwanya unabaki milimita 6. Hiyo itagusana kabla gari halijatoka mjini.

Hili si jambo la kubuni tu. Wenye Sprinter yenye dabo huko Marekani Kaskazini, ambayo kwa kawaida huja na 215/85R16, hutamani tairi pana za njia mbaya ili gari liwe na sura ya kibabe. Huku kwetu nako mwenye Canter hubadilisha 7.00R16 kwa 7.50R16 ili gari libebe zaidi. Wote wawili wanapaswa kupitia hesabu ile ile, na mara nyingi ndiyo wanayoiruka.

Chini kuna hadithi tofauti na juu

Mwanya unaouona juu ya tairi, pale usawa wa bodi, si mwanya ulioko chini pale tairi inapokanyaga ardhi. Uzito wa gari unaibana tairi kwa chini na ubavu unatoka nje, kama mtu aliyekalia mto. Tairi ya nje inatokeza kuelekea ya ndani, ya ndani inatokeza kuelekea ya nje, na mwanya unaliwa kutoka pande zote mbili. Kwenye kona, au tairi moja ikipanda jiwe, unaliwa zaidi.

Kwa hiyo kama unataka kuuona mwanya wa kweli, pima gari likiwa limejaa. Na hapa motahomu inatofautiana na lori. Lori hushusha mzigo, likarudi tupu. Motahomu haishushi kitu. Jiko, friji, kabati, betri na kitanda vinatembea navyo mwaka mzima. Lita moja ya maji ni kilo moja, hivyo tangi la lita 200 likijaa umeongeza kilo 200, na mara nyingi tangi lenyewe liko nyuma au upande mmoja. Upande wenye jiko na sehemu ya kuta zinazosukumwa nje huwa mzito kuliko wa pili. Pima dabo za pande zote mbili, usipime kulia ukadhani na kushoto ni hivyo hivyo.

Jaza maji, jaza mafuta, weka mizigo yote ya safari. Hakikisha upepo upo kwenye kipimo chake, ukipima tairi zikiwa za baridi, kabla gari halijatembea. Kisha lala chini kwa nyuma na tochi, uangalie mwanya sehemu ya chini kabisa, sentimita chache juu ya ardhi. Unaweza kuingiza kipande cha mbao chembamba au rundo la kadi ngumu, ukiongeza moja moja mpaka zikaze, kisha upime unene wa zilizoingia. Fanya hivyo gari likiwa limezimwa na kuwekewa kabari, na usiingize mkono juu ya jeki peke yake.

Ukikuta mwanya wa chini umebaki mdogo kiasi cha kukutia wasiwasi, angalia upepo kwanza kabla ya kulaumu ringi. Tairi iliyopungukiwa upepo hutokeza ubavu kuliko kawaida. Wataalamu wa tairi za magari makubwa huhesabu tairi iliyopungukiwa asilimia 20 ya upepo wake kuwa ni sawa na tairi iliyoisha upepo. Kwa tairi inayotakiwa kuwa na psi 80, hiyo ni psi 64, kipimo ambacho kwa kugonga na nyundo au kupiga teke hutakitambua kabisa. Lazima geji.

Kuifikia valvu ya tairi ya ndani ndiyo kazi. Baadhi ya motahomu zina vifuniko vya kung'aa juu ya ringi ambavyo vinaficha valvu kabisa, na wenye magari hufunga vijibomba vya kuirefusha. Vijibomba hivyo vikilegea huvujisha upepo polepole. Dereva anaendelea na safari huku tairi ya nje ikibeba mzigo wa wawili.

Alama za tairi zilizokwisha kugusana

Huhitaji kusubiri tairi ipasuke ndipo ujue. Tairi ikivuliwa, angalia ubavu uliokuwa unatazamana na mwenzake. Ukiona mstari au ukanda unaozunguka tairi nzima, uliolainika na kung'aa, au maandishi yaliyofutika sehemu moja, hizo zilikuwa zinabusiana. Tairi ya pili itakuwa na alama hiyo hiyo upande wake. Ikiwa mpira umeliwa hadi nyuzi zinaonekana, tairi hiyo imekwisha, usiirudishe hata kama kashata bado ni nzima.

Usichanganye alama hiyo na ya jiwe. Jiwe likikwama kati ya tairi mbili huacha majeraha ya hapa na pale, yaliyochanika, wala hayazunguki tairi sawasawa. Jiwe nalo ni hatari. Kwenye barabara za changarawe madereva wa malori husimama na kuchungulia katikati ya dabo kwa sababu hiyo, na baadhi ya wanaojenga magari-nyumba ya kuvuka nchi na nchi huondoa dabo kabisa na kuweka tairi moja pana kila upande. Hiyo ni kazi ya ringi mpya na hesabu mpya ya uzito, si ya kufanya kwa fundi wa njiani.

Ukubwa wa tairi mbili

Nafasi ikiwa sawa lakini tairi mbili zikatofautiana kimo, bado kuna shida. Ile ndefu hubeba mzigo mwingi zaidi na ubavu wake hutokeza zaidi, na ile fupi huburuzwa kwa sababu zote mbili zinalazimika kuzunguka kwa mwendo mmoja. Kwa tairi ndogo, za kundi la 8.25 kushuka chini, tofauti ya kipenyo isizidi robo inchi, kama milimita 6. Kwa kubwa zaidi isizidi nusu inchi.

Njia rahisi ni kuzungushia tepu laini kwenye kashata za kila tairi na kulinganisha mizunguko. Robo inchi ya kipenyo ni kama robo tatu ya inchi kwenye mzunguko, takribani milimita 19. Ndiyo maana kuchanganya tairi mpya na kipara kwenye dabo moja si uchumi hata kidogo.

Halafu soma ubavuni. Tairi za kazi hii zimeandikwa uzito wa aina mbili, wa tairi ikiwa peke yake na wa tairi ikiwa dabo. LT225/75R16 yenye namba 115/112 inabeba kilo 1,215 ikiwa moja, lakini kilo 1,120 ikiwa dabo. Wanapunguza kwa sababu barabara si bapa, imeinuka katikati, na tairi mbili hazigawani mzigo nusu kwa nusu muda wote. Kwa hiyo tairi nne za nyuma zinabeba kilo 4,480, si 4,860. Peleka gari lililojaa kwenye mizani, upime ekseli ya nyuma peke yake, na ikiwezekana kila upande peke yake.

Kipimo kikipungua, nini kifanyike?

Jibu la kwanza na la bei ndogo ni kurudi kwenye saizi iliyoandikwa na kiwanda cha gari. Ipo kwenye kibandiko, mara nyingi karibu na mlango wa dereva, pamoja na upepo unaotakiwa. Saizi hiyo ilichaguliwa pamoja na ringi zake.

Jibu la pili ni kubadilisha ringi kwa zile zenye sahani iliyosogea zaidi. Hapo ringi zote nne za nyuma hubadilishwa, na tairi ya ziada nayo ifikiriwe. Tairi zikitoka nje zaidi angalia kama zitagusa bodi, na zikiingia ndani zaidi angalia springi na mabomba ya breki. Upana wa nyuma wa gari zima nao una kikomo cha kisheria.

Jibu ambalo wengi hulikimbilia ni kuweka kipande cha chuma kati ya ringi mbili ili kuzitenganisha. Kwenye magari ya zamani yenye ringi za kufungwa kwa makucha, pete ya kutenganisha ilikuwa sehemu ya mfumo wenyewe na ilitengenezwa kwa kazi hiyo. Ringi za sahani za siku hizi zinategemea kubanana uso kwa uso. Kipande cha kuchonga mtaani kinapunguza uzi unaoshikwa na nati, kinaweza kuzuia ringi isikae sawasawa kwenye habu, na kinasogeza mzigo nje ambako beringi hazikupangiwa kuubeba. Gari likipoteza tairi mbili kwa pamoja kwenye mteremko, milimita 20 zilizopatikana hazitakuwa na kazi tena.

Tairi zikishafungwa, hakikisha nyuso za ringi zinapokutana hazina kutu, rangi nene wala matope, maana vyote hivyo husagika baada ya kilomita chache na nati zikalegea. Kaza kwa mpangilio wa kuvukana, kwa spana yenye kipimo, kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Baada ya kutembea kilomita 80 hadi 160, simama sehemu bapa, acha zipoe, kaza tena zote, na za upande wa pili pia.